Bingwa Mbeba Mayai na Siri ya Kona ya Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Saa kumi na moja alfajiri, mbeba mayai anatoka nyumbani kwake kwa kunyata, pikipiki akiisukuma ili isingurume, dumu la lita tano likining'inia kwenye usukani. Hajui kwamba hatua hamsini nyuma yake mkewe anamfuata, viatu mkononi.

Mtaani wanamwita Mwendopole. Kwa miaka tisa amepeleka mayai madukani kwa njia za mashimo, trei kumi kwa safari moja, yaani mayai mia tatu. Tangu mwaka jana ana jina la pili: bingwa wa mbio za pikipiki. Jina hilo ndilo lililomkosesha mkewe usingizi.

Ameshinda mara tatu, na mara zote tatu alikuwa wa pili hadi kona ya tatu. Hapo aliyetangulia akaanguka, naye akapita. Mara ya kwanza watu walisema ni bahati. Mara ya pili walisema ana nyota. Mara ya tatu, mpinzani wake mkubwa, fundi wa kuchomelea aitwaye Radi, alipovunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, waliacha kusema kwa sauti. Wakaanza kunong'ona: anamwaga mafuta.

"Jirani yangu alinikuta bombani," mke anakumbuka. "Akaniambia, 'Shoga, lisemwalo lipo. Ni bahati gani hiyo inayojua kona?'"

Jumapili, kamati ya mbio ilikuwa imepanga kumhoji. Akikutwa na hatia, angenyang'anywa kombe na kufungiwa maisha. Mwenye banda la kuku naye alikwisha kutamka kwamba hampi mayai mtu asiyeaminika.

"Sikuwa na hofu ya kombe," mke anasema. "Kombe tunawekea vijiko. Nilihofia kwamba naishi na mtu nisiyemjua."

Uwanja wa mbio uko nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Mke anajibanza kwenye lundo la matofali yaliyovunjika, anamwona mumewe akifika kona ya tatu, akifungua dumu, akimwaga. Haoni tena sababu ya kujificha.

"Baba watoto! Umemwaga nini hapo?"

Mwendopole anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama watoto? Umenifuata?"

"Nimelifuata dumu. Nijibu."

"Maji."

"Maji gani yananuka mafuta?"

"Dumu si ulinipa mwenyewe, lilikuwa la mafuta ya kupikia! Haya, onja."

Mke anachovya kidole, anaonja. Ni maji. Lakini shaka ikishaingia moyoni haitoki kwa kuonjeshwa.

"Na maji unayamwagia nini? Umepanda maua?"

Mwendopole anapiga magoti na kumwonyesha. Waendeshaji wote huikata kona ile kwa ndani, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Maji hayakai ndani. Yanakimbilia nje, kwa sababu ardhi imeinama, na chini ya vumbi pana udongo mgumu ulio laini kama sahani. Nje kabisa, ardhi imeinuka kama ukingo wa bakuli. Hapo maji yanasimama.

"Panaposimama maji, na gurudumu husimama, haliteleзi," anasema. "Njia zangu za mayai nazipima hivihivi kila mvua inapokatika. Leo nimekuja kuhakikisha kona haijabadilika. Wenzangu wanafukuza muda. Mimi nimezoea kulinda trei."

Mke anaanza kucheka, kisha kicheko kinakatika.

"Kwa hiyo si mafuta."

"Si mafuta."

"Wala si bahati."

"Wala."

"Basi ulijua kwamba wataanguka."

Mwendopole anakaza kifuniko cha dumu ambacho tayari kimekazwa. "Mama watoto, mashindano ni mashindano. Kila mtu ana miguu ya kuja kutazama."

"Na bega la Radi, nalo litachomelewa?"

Mwendopole anatundika dumu kwenye usukani na kugeuza pikipiki.

Siku iliyofuata, kabla kamati haijauliza swali hata moja, Mwendopole aliwaomba wanakamati na waendeshaji wote waende uwanjani. Mbele ya waendeshaji kumi na mmoja alimwaga maji na kueleza kila kitu, kuanzia mbio za kwanza. Wengine walipiga makofi. Mwenyekiti aliandika kwamba hapakuwa na udanganyifu, na kombe likabaki mikononi mwake.

Radi, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, hakupiga makofi.

"Mwaka mzima umenitazama nikiikimbilia kona hii," alisema. "Ungekuwa mwizi, ningekushitaki. Sasa nikushitaki kwa kuwa na macho?"

"Nishitaki kwa kuwa na mdomo," Mwendopole alimjibu. "Nilikuwa nao, sikuutumia."

Mtaani, minong'ono haijaisha. Jirani wa bombani sasa anadai kwamba maji yale yalisomewa na mganga. Wengine wanasema aliyeficha moja hakosi la pili. Mke mwenyewe, akiulizwa kama anamwamini mumewe, hujibu, "Namwamini kwa mafuta. Kwa mengine bado namtazama."

Mbio zijazo zitafanyika Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, bega la Radi likiwa limepona kwa mujibu wa daktari wake. Mwendopole ameiambia kamati kwamba Radi asipokuwepo, naye hatakuwepo.

"Watu wananiuliza kama nina kipaji au nina bahati," anasema huku akifunga trei kwa mpira. "Sijui. Huenda nilikuwa na siri tu. Siku hiyo siri haitakuwepo. Nataka nimpite Radi akiwa wima juu ya pikipiki yake. Nisipoweza, nitakuwa nimejua."

Basi wewe uliyesoma habari hii, mfikishie kila mwendesha pikipiki anayejiandaa kwa siku hiyo, na asiyejua kusoma msomee: kona ya tatu, usikate ndani. Pita nje.