Kasi Niliyoiongeza Kwenye Kompyuta ya Papa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na bisibisi mkononi na Papa alikuwa kanisani. Wewe umevuka ua kutoka kwenu asubuhi hii ukitaka nikuonyeshe namna ya kuiongezea kompyuta yako kasi ya prosesa na memori, ikimbie kuliko alivyoipanga mtengenezaji. Nitakuonyesha, usinune. Lakini kwanza keti, maana jambo hilo nililifanya mimi, hapa hapa Kalemie, nchi bado ikiitwa Zaire, na mpaka leo halijanitoka moyoni.

Papa alikuwa karani wa stesheni. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga ofisi yake mjini alimwachia kompyuta, sanduku zito la kubebwa na watu wawili. Jirani walidhani ataiuza. Papa akaiweka sebuleni, karibu na dirisha linalotazama ziwa, akaifunika kitambaa alichokishona Mama. Mama alikuwa Muholoholo, wa kabila la kandokando ya ziwa, na kwa maneno hakuna aliyemshinda. Kwa miaka miwili, umeme ukiwapo, alikaa pembeni ya Papa akichambua mboga na kusimulia kwa lugha ya kwao: hadithi za bibi zake, majina ya samaki, maneno ya kumpokea mgeni, nyimbo. Papa aliandika kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, najiona mjanja, na kila nilipowapita niliwacheka. Sikukaa hata siku moja kusikiliza. Nilifikiri Mama yupo tu.

Kisha Mama akaugua, akatutoka. Baada ya mazishi, kila Jumapili alasiri Papa alilifungua lile faili la maneno ya Mama, akasoma ukurasa mmoja au miwili, akasahihisha nukta, akahifadhi, akazima. Kompyuta yenyewe ilikuwa inajivuta. Ilichukua muda mrefu kuwaka, na faili nalo lilikuja kwa madaha. Papa alingoja, mikono juu ya magoti. Kumwona akingoja vile kuliniuma, na sitakudanganya, kulinichosha pia.

Nilikuwa na gazeti la Kifaransa lililoeleza yote. Basi Jumapili moja, Papa akiwa kwenye misa, nikalifungua sanduku. Ndani, kwenye bodi, mlikuwa na vidude vya plastiki vidogo kama punje ya mchele, kila kimoja kikiunganisha pini mbili. Ukivihamisha, prosesa inapiga haraka zaidi. Gazeti lilisema panda ngazi moja, ijaribu siku nzima, ndipo upande ya pili. Mimi huyo, nikaruka moja kwa moja hadi ya juu! Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya memori, nikaipunguzia muda wa kusubiri mpaka mwisho. Vyote viwili kwa mpigo mmoja, hata kosa likitokea nisingejua limetoka wapi. Ilikuwa Julai, upepo wa ziwa unaingia dirishani, baridi kweli. Mashine ikawaka, ikaenda mbio, nikapiga kigelegele peke yangu.

Papa aliporudi alishangaa. "Eh, mutoto! Umeifanya nini? Sasa inakimbia!"

Alicheka, mwanangu. Tangu tumzike Mama sikuwa nimemwona akicheka, na nikajisifu moyoni kwamba ni kazi yangu.

Septemba ikaja na joto lake, upepo ukakatika. Jumapili moja Papa akaniita. "Feza, kuja uangalie. Hapa niliandika muzuri, sasa maneno imegeuka."

Nikatazama. Neno moja lilikuwa limeharibika, na mistari miwili chini yake jingine. Nikajua mara moja, kwa sababu gazeti lilionya hilo hasa: memori ikiharakishwa kupita uwezo wake, joto likizidi, inaanza kukosea kimyakimya, na unachohifadhi si kile ulichoandika. Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikamwambia, "Ni vidole vyako, Papa. Umechoka."

Akaitazama mikono yake, akaigeuzageuza. "Labda," akasema. "Ninazeeka."

Ningetaka kukuambia kwamba usiku ule sikulala. Nililala fofofo.

Wiki zikapita. Kila Jumapili Papa alihifadhi, na kila alipohifadhi makosa mapya yaliingia. Hofu ikanipanda. Tulikuwa na disketi moja yenye nakala aliyoiweka Papa wakati Mama yuko hai. Mimi, ili kuokoa kilichobaki, nikanakili faili juu ya ile nakala ya zamani bila hata kuifungua kwanza. Nzuri nikaifuta kwa mkono wangu, mbovu nikaiweka mahali pake. Jumapili iliyofuata faili halikufunguka kabisa, la kompyuta wala la disketi.

Nikapiga magoti sebuleni nikamweleza yote, tangu bisibisi. Papa akataka kusikia kama kweli ni mimi.

"Weye njo uliifungua?"

"Ndiyo, Papa."

"Na uliniacha niwaze njo mikono yangu?"

Papa akaendelea polepole, "Ile polepole yake haikunisumbua hata kidogo. Wakati ninangoja, nilikuwa naona kama mama yako iko jikoni, anakuja sasa hivi. Weye uliona ninapoteza wakati."

Kisha akasema, "Leta karatasi. Tuandike yenye tunakumbuka."

Tuliandika hadi Krismasi. Papa alikumbuka mengi. Mimi nilikuwa na vipande tu, vile nilivyovisikia nikipita kwenda zangu. Uko wimbo Mama alionibembelezea nilipokuwa mchanga. Papa alikuwa na mwanzo wake na mwisho, mimi nilikuwa na sauti, maneno ya katikati hakuna aliyekuwa nayo. Dada zake Mama walikuwa wamekwisha kumtangulia. Watoto wangu watatu nimewalaza kwa wimbo huo, na kila nikifika katikati nafunga mdomo, navuma tu. Leo wao ni watu wazima, nao wanavuma pale pale, wakidhani ndivyo ulivyotungwa.

Nawamisi, mwanangu. Nammisi Mama na Papa hata nikiwa na nyumba iliyojaa watu.

Basi sikiliza. Kabla ya kugusa chochote, toa nakala mbili za vitu vyako, uziweke mbali, na ya zamani usiandike juu yake kamwe. Gusa prosesa peke yake kwanza, ngazi moja, memori baadaye. Ijaribu mchana wa joto, usidanganywe na asubuhi yenye baridi. Ikikosea mara moja tu, rudi chini. Na kosa likiwa lako liseme siku hiyo hiyo, usimtwishe mzazi wako.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo mama yako yuko kwenu anaanika dagaa, nimemsikia anaimba. Nenda ukakae naye. Muulize wimbo huo anaouimba unaendeleaje, wote, hata akikuambia ana kazi. Mungu akubariki, akupe akili ya kutengeneza unachopenda, na akupe siku nyingi za kuuliza wakati bado yuko wa kukujibu.