Hodi ya Tatu

Mama yangu, Mahfoudha binti Thani, ni mwoga. Nasema kwa heshima zote, na mwenyewe hakatai. Anaogopa mjusi, anaogopa radi, anaogopa hata simu ikilia mchana. Alizaliwa Tabora, akaletwa Nizwa, huku Oman, akiwa msichana mkubwa, na Kiarabu chake cha kuokotaokota kikamzidishia woga. Ndiyo maana watu hucheka wakisikia habari ya nyumba ya Hamda. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka aliponisimulia yote.

Mwaka 1979 alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya nyumba. Mkubwa wake, Ustadh Marhoun, alikuwa mtu wa Unguja mjini, mcha Mungu na mkali, na watu wa bara aliwaona kama wageni wa wageni. Walitumwa Manah kuandika nyumba za udongo za mji wa zamani, zilizokuwa zinaanza kuanguka. Nyumba yenye watu, wenyewe walipewa mpya ya serikali. Nyumba tupu ilitiwa alama nyekundu, ikangoja tingatinga la kubomolea. Mama alikaa garini, akiandika anachoambiwa.

Marhoun alikuwa na adabu zake. Alifika mlangoni, akageuza uso pembeni, akapiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, hachungulii wala harudii. "Tupu," alisema, na mama akaandika tupu.

Nyumba ya kumi na saba aliiandika hivyo hivyo. Kisha akainua macho, akaona moshi unatoka jikoni.

Wanaume walipokwenda kusali adhuhuri, alizunguka nyuma, roho mkononi. Ndani alimkuta Hamda, mjane, msema Kiswahili kama yeye, ametimiza miezi miwili edani, pamoja na mama mkwe wake Bimdogo, kiziwi asiyeondoka kitandani.

"Shikamoo, bibi," mama alimwambia yule mzee, ambaye hakusikia. Akamgeukia Hamda. "Dada, hukusikia hodi?"

"Nilisikia zote tatu. Ningemjibuje, mwanamume wa kando, na mimi niko edani? Si aibu hiyo?"

"Basi ungegonga hata sufuria!"

"Wallahi sikujua kama anahesabu watu."

Mama alipomwambia kwamba tingatinga litakuja Jumamosi, Hamda alikaa chini kwenye mkeka. Kutoka nje hakuweza mpaka eda iishe, na ilikuwa imebaki miezi miwili na siku kumi. "Unaniambia niiache eda ya mume wangu, au nifukiwe?" aliuliza.

Jumatano, ofisini, alisimama mbele ya meza ya Marhoun.

"Ustadh, ile ya kumi na saba ina watu. Wanawake wawili."

"Nimepiga hodi mara tatu. Unataka kusema mimi mwongo?"

"Hasha, Ustadh."

"Orodha imeshapigwa muhuri. Wewe wa bara, mila za huku utazijulia wapi? Wako wengi wanaokitaka kiti chako, Mahfoudha."

Akanywea. Hapa huwa nakasirika, kwa sababu Marhoun hakudanganya na Hamda hakukosea. Wote wawili walishika adabu zao barabara, na nyumba ikawa inakwenda kuwaangukia wanawake wawili. Mama yeye hakuwa na nafasi ya kukasirika. Babu alikuwa mgonjwa, na mshahara wa mama ndio uliowalisha nyumbani. Alhamisi na Ijumaa hakula. Kila gari lililopita barabarani alidhani ndilo tingatinga.

Jumamosi hakwenda ofisini. Alipanda gari la mboga mpaka Manah, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa nyuma ya mlango mkubwa. Hamda alimshika mkono. "Mikono yetu ilikuwa baridi kama ya maiti," mama anasema. Mara wakasikia mngurumo, vumbi likaanza kudondoka kutoka darini. Bimdogo, asiyesikia kitu, aliuliza nani anachekecha unga.

Marhoun alikuja mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alipiga hodi tena.

"Hodi!"

Mama alifikiria kiti chake, akamfikiria babu. Akanyamaza.

"Hodi!"

Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Hamda akambana mkono mpaka ukamuuma.

"Hodi!"

"Karibu," mama alisema.

Nje tingatinga liliendelea kunguruma. "Nani anayejibu?"

"Mahfoudha binti Thani, wa ofisini kwako. Humu mna Hamda yuko edani, na Bimdogo mgonjwa. Watu wawili, Ustadh. Watatu na mimi."

Akafumba macho kungoja ukuta uanguke. Badala yake alimsikia Marhoun akimwambia dereva azime, halafu akarudi mlangoni, uso bila shaka pembeni, akasema polepole, "Waambie wasitoke. Wakae eda yao."

Hakumfukuza. Ila kwa wiki nzima hakumsemesha hata salamu, na mama akazidi kuogopa. Kisha wakarudi Manah na ile orodha. Nyumba tisa nyingine zilikuwa zimeandikwa tupu, na tingatinga lilikuwa bado halijazigusa. Marhoun alisimama mbele ya mlango wa kwanza, akageuka kwenye gari.

"Bibi Mahfoudha," alisema, "tangulia wewe."

Alishuka, akatangulia kupiga hodi. Katika zile tisa, nne zilikuwa na watu.