Matope ya Bahari Kwenye Frigo ya Baba Mdogo

Baba mdogo, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alianza kunishuku siku nilipomwomba nafasi kwenye frigo ya kupozea soda dukani kwake, mtaa wa Buyenzi. Kule maabara ya chuo ninakosoma, mtaa wa Mutanga Sud, umeme ulikatika ovyo na mafuta ya jenereta hayakupatikana mjini. Yeye alikuwa na sola. Nikamletea mirija ya plastiki iliyojaa matope ya kijivu, nikaipanga nyuma ya soda.

"Udongo gani inalala kwa frigo?"

Nikamweleza. Matope yametoka chini ya Bahari ya Hindi, nasi tumegawiwa sehemu na watafiti tunaoshirikiana nao. Ndani mna magamba ya vijidudu vya baharini, madogo kama punje za chumvi. Kijidudu hujenga gamba lake kutokana na maji yanayokizunguka. Mvua za msimu zikizidi, mito humwaga baharini maji yasiyo na chumvi, na kemia ya gamba hubadilika. Tukilipima, tunajua mvua za kale zilikuwaje.

"Mvua ilishanyesha, ikaisha," alisema polepole. "Nani tena anaitafuta?"

Tangu hapo, nikiingia dukani, mazungumzo yake na wateja yalikatika.

Kisha nikakuta mrija mmoja umefungwa kwa utepe wa kahawia. Mimi nilikuwa nimeifunga yote kwa utepe mweusi. Nilipoufungua, matope yalikuwa yamechotwa kwa kijiko. Nikamshuku mwanafunzi mwenzangu, aliyependa kuuliza mirija iko wapi. Nikaacha hata kumsalimia. Nikamshuku dereva anayeleta soda. Mwishowe nikamuuliza baba mdogo. Akatazama mlango kwanza.

"Ni mi."

Alikuwa amempelekea matope hayo sonara, rafiki yake wa msikitini. Alidhani ni mchanga wa dhahabu, na kwamba kuna watu wananitumia kuupitisha. Sonara akayadondoshea tindikali. Matope yakatoa povu.

"Akaniambia dhahabu haichemki. Akasema, toa hii kitu kwangu! Tangu ile siku silali. Kama ni bomu, mutoto wangu, ungeniambia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alasiri moja umeme ulipokuwapo nilimpeleka maabara. Nikaweka gamba moja chini ya hadubini, nikalidondoshea tindikali mbele ya macho yake. Likatoa povu, likatoweka.

"Ni chokaa, baba. Kama ganda la yai."

Akaomba kuona jingine, bila tindikali. Aliliinamia muda mrefu.

"Hii matundu yote, nani alitoboa?"

"Mungu."

"Subhanallah." Akainua kichwa. "Na mashine ya kupima iko wapi?"

"Ulaya."

"Aha," akasema, kama mtu aliyejua hatimaye ni nani anayeitafuta mvua iliyoisha.

Mirija ilibaki dukani, lakini alitia frigo kufuli. Nikija, alifungua mwenyewe, akasimama nyuma yangu mpaka nimalize.

Matope ya pale palipochotwa niliyatupa, maana sikujua kijiko kile kiligusa nini kabla. Kwenye mchoro wetu wa mvua za kale kuna pengo kwenye miaka ya tabaka hilo. Yule mwenzangu nilimwomba radhi. Alisema hakuna shida, ila siku hizi akiniona nakuja, hufunga droo yake.