Mahali Bomba Lisipofika

Usiku ule marehemu Mwalimu Elinaza aliponijia, kosa langu lilikuwa na miezi mitatu, na hakuna aliyelijua ila mimi. Nilisahau kwamba bomba lina mwisho.

Niseme yote. Hesabu nilijifunza mwenyewe, katika kitabu alichoniachia Mwalimu. Bomba la maji la kijiji likiwa bado kwenye ramani, kamati iliniomba nipime makaburi: kaburi lililo chini ya mita kumi kutoka kwenye bomba lihamishwe. Nilirudia kila hesabu mara tano. Kaburi la Mwalimu likatoka mita nane. La mkewe, kando yake, kumi na nusu. Wakamfukua, wakamzika ng'ambo ya korongo. Mkewe akabaki.

Bomba lilipochimbiwa ndipo nilipoona. Lilikomea kwenye tangi, zaidi ya mita arobaini kutoka makaburini. Mimi nilipima kwa pembemraba, kutoka kaburini moja kwa moja hadi kwenye mstari wa bomba, kana kwamba unaendelea bila kukoma. Nikanyamaza.

Usiku ule Mwalimu alisimama mbele ya darasa, koti lake limejaa udongo mwekundu, kamba mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliikunjua kamba.

Akanitupia ncha ya kamba. "Nenda kwenye bomba lako. Simama pale pembemraba inapoangukia."

Narudi nyuma, narudi, ukuta wa darasa haupo tena, niko makaburini. Mita nane. Kamba inakaza.

"Nimefika, Mwalimu."

"Chimba."

Nachimba kwa vidole. Majani, mizizi, udongo mkavu. Kucha zinang'oka.

"Bomba liko wapi?"

"Halipo."

"Chimba mpaka utoe maji."

Kutoka chini ya ardhi, sauti ya mkewe: "Baba Nakiete, mwache mtoto wa watu."

"Huyu si mtoto, mke wangu. Huyu ni fundi. Alirudia mara tano!" Akacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka vile. Kisha ananifunga kamba kifundoni, taratibu, kama anayefunga mbuzi. "Na mimi nitarudia. Kila usiku utachimba hapa, mpaka umwambie binti yangu."

Niliamka vidole vimekakamaa, kucha zote zipo. Hata chai sikunywa.

Nakiete, binti wa Mwalimu, alikuwa uani kwake akipukuchua mahindi. Nilimweleza huku nimesimama. Nilianza hata kumchorea mchangani; akaupangusa mchoro kwa mguu.

"Kumbe mama amelala peke yake kwa kalamu yako. Na mimi nilikusifu mbele ya watu!"

"Nisamehe, dada."

"Nani kakuambia nipo hapa kusamehe? Kamati nitaiendea mimi. Jembe liko nyuma ya mlango. Siku wakikubali, utachimba wewe. Kule kwa kutoa, na huku kwa kurudisha. Peke yako."

Walikubali. Nilichimba siku mbili, yeye amekaa kwenye kigoda akinihesabia kina, na kila nilipodhani nimefika alisema, "Bado."

Siku hizi, kabla ya kupima, natazama kwanza kama pembemraba inaangukia ndani ya kipande cha mstari. Ikiangukia nje, napima hadi ncha iliyo karibu. Nikikosea, nasema siku hiyohiyo. Mwalimu amelala kando ya mkewe, na hajanijia tena.