Ndago Niliyoipandisha Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa soksi ndefu nyeupe. Kufikia saa nne asubuhi zilikuwa zimejaa vishona nguo kutoka kifundoni hadi gotini, nikatambua kwamba shule, pamoja na mema yake yote, haikunifundisha hata kuvaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nilitoka Gairo na cheti mkononi na barua iliyonitaja kuwa Msaidizi wa Bwana Shamba, kitalu cha mboga na maua, Morogoro mjini. Nilidhani msaidizi hukaa mezani. Nyapara wa kitalu, Mzee Salumu, alinitazama kuanzia soksi kwenda juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja harusini?"

"Nimekuja kazini."

"Basi chuchumaa."

Nilichuchumaa, na kwa kiasi fulani sikuinuka tena kwa miaka mingi. Ninyi mnaopuliza dawa kutoka bombani hamjui: palizi ya wakati ule ilikuwa kazi ya magoti na vidole. Magugu ya mbegu, kama kishona nguo, yalikuwa mepesi. Unayang'oa kabla hayajatoa maua, unayalaza kati ya mistari yawe matandazo, yaani blanketi la kuukinga udongo na jua. Sangari hutambaa, na ukiikata kila kifundo huota. Hiyo unaifuata kwa subira mpaka mwisho wa mkia. Halafu kuna ndago. Juu unaona majani machache yasiyotisha. Chini kuna uzi, na kwenye uzi kokwa nyeusi, na kutoka kwenye kokwa hiyo uzi mwingine na kokwa nyingine, kama tasbihi. Ukivuta majani, uzi unakatika, na kila kokwa iliyokuwa imelala inaamka.

Leo nayaeleza haya kwa ufasaha. Wakati ule sikuyajua, na sikuuliza. Bwana Shamba Mkuu, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili kana kwamba kila neno ni amri, alikwenda safari na kuacha tuta moja likisubiri karoti. Tuta lilikuwa na ndago. Nikaona hapa ndipo msomi ajitenge na vibarua. Nilichukua jembe nikaikatakata mpaka udongo ukawa laini kama unga, nikakusanya mabaki kwa reki, debe zima, nikayatupa kwenye shimo la mboji. Kisha nikasia karoti.

Baada ya wiki mbili karoti zilikuwa hazijaonekana bado, lakini tuta lilikuwa kijani kuliko uwanja wa mpira. Bwana Shamba Mkuu alirudi, akasimama pale, kofia mkononi.

"Nani amepanda majani kwenye karoti yangu?"

"Huyu, Bwana," Mzee Salumu akasema. "Amesoma."

Nilipewa uma wa bustani na tuta lote hilo. Mzee Salumu alinionyesha namna ya kuingiza meno ya uma chini kabisa ya uzi, kuinua bonge zima, kulivunja kwa mkono, kuokota kila kokwa na kuianika juu ya jiwe lenye jua mpaka isinyae. "Na usithubutu kuitupa kwenye mboji," aliniambia. "Mle inanenepa."

Hapo nilipaswa kusema kwamba mle mlikuwa tayari na debe langu. Sikusema. Nilikuwa nimekwisha chekwa kwa wiki nzima, na nikaona inatosha.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa milimani, upande wa Mgeta, kueneza miche bora ya kabichi. Bwana Shamba Mkuu aliniaga akiwa na furaha isiyofichika. "Huko juu hakuna ndago," alisema. "Huko huwezi kuharibu."

Wakati huo viriba vya plastiki havikuwapo. Kila mche uliwekwa katika kikombe cha magome makavu ya mgomba, na kikombe kikajazwa udongo mzuri. Mimi nilitaka miche yangu iwe mizuri kupita yote. Nikajaza mboji ya lile shimo. Ilikuwa imeoza vizuri, nyeusi, ikinukia mvua, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Kijijini hakuna aliyeitaka miche yangu ila mwanamke mmoja, Mama Feliksi, mjane aliyelima njegere na vitunguu chini kidogo ya kanisa la misheni. Wengine walisema watasubiri waone. Alinipa tuta lake lenye rutuba kuliko yote. Halikuwa lake kwa namna tuliyoijua shuleni. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na aliyeisimamia alikuwa kaka wa mama yake, Mzee Kobelo. Mama Feliksi aliilima kwa ruhusa yake, na kwa tuta hilo aliwasomesha watoto wawili.

Nilipanda kwa kamba na rula, hatua kwa hatua, mistari iliyonyooka ajabu. Mvua za vuli zikanyesha, kabichi zikashika. Kabla ya Krismasi Mama Feliksi akaniita.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Shamba."

"Milele amina, Mama Feliksi."

"Haya majani yanaitwaje?"

Niliinama nikatazama. "Ndago," nilisema. "Huenda ndege wameileta."

Aliyatazama majani, akatazama angani, akanitazama mimi.

"Ndege wako, baba, wana kamba na rula?"

Kwa kweli ndago ilikuwa imeota katika mistari ile ile, kando ya kila kabichi, kwa vipimo vyangu mwenyewe. Sijawahi kuona kosa lililonyooka namna ile.

Kesho yake Mzee Kobelo alikuja na fimbo yake, akakaa juu ya jiwe. Alizungumza na Mama Feliksi, mimi akiniacha nisikilize. Chini ya tuta hilo kulikuwa na mashamba ya ukoo mzima, moja chini ya jingine hadi mtoni. Masika ikianza, maji yatazikokota kokwa mpaka chini. Kwa hiyo majani hayo yakiwamo bado masika ikifika, tuta litaachwa, litapandwa miti, na hatakuwa nalo tena. Mama Feliksi aliinama akang'oa njegere moja iliyokauka, akaishika tu.

Basi nikasema yote. Nilisema jembe, nikasema debe, nikasema shimo la mboji, na kwamba nilijua na nikanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Nilitegemea Mzee Kobelo apeleke habari mjini, na huo ndio ungekuwa mwisho wa cheti changu.

"Wewe ni mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Gairo. Mkaguru."

"Alaa! Mtani!" Uso wake wote ulibadilika. "Ndiyo maana. Mkaguru tangu lini akapanda kitu kikaota? Kikiota, ni ugonjwa." Akamgeukia mpwa wake. "Mama, tumefiwa na kabichi. Na msibani nani anachimba kaburi?"

"Mtani," Mama Feliksi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Msiojua utani wa makabila mtaona ni mzaha. Ni mzaha, lakini una jembe ndani yake. Msibani mtani hukejeli wafiwa, na mtani huyo huyo hufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Mzee Kobelo asingeweza kunisamehe mimi kama Bwana Shamba. Kama mtani, aliweza kunituma.

Januari yote na Februari nilichimba. Tuling'oa kabichi zote. Nilishusha uma mpaka kwenye udongo mwekundu ambao uzi wa ndago hauufikii, Mama Feliksi akapitisha kila bonge kwenye chekeche la waya, na kokwa tukazianika kwenye mwamba ulio juu ya njia. Waliopita walisimama kunililia. "Ewe marehemu kabichi," mzee mmoja aliomboleza, "ulikuja na Mkaguru, ungepona vipi?" Nami niliwajibu kwamba Mluguru haachi kulia hata kwenye msiba wa mboga, maana anatazamia chakula cha matanga. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine.

Tulipomaliza, Mama Feliksi alisia mbegu za vitunguu, na pembezoni akapanda viazi vitamu vilivyobanana, kwa kuwa ndago haipendi kivuli. Masika ikaanza. Kila asubuhi nilikwea mlima kulikagua tuta. Wiki ya kwanza, udongo mtupu. Wiki ya pili nikaona jani moja jembamba, kijani, limesimama peke yake.

"Mama Feliksi!"

Alikuja akikimbia, kanga imelowa. Sote wawili tulipiga magoti. Shina la ndago lina pembe tatu. Ukiliviringisha kati ya vidole unazisikia. Nililiviringisha. Lilikuwa mviringo. Nililiminya, lilikuwa na uwazi ndani. Nikanusa vidole.

"Kitunguu," nilisema.

"Kitunguu," akasema naye, akakaa chini kabisa kwenye matope, akacheka mpaka akashika ubavu. "Bwana Shamba! Umenipandisha mlima huu kwa kitunguu!"

Masika yote hatukuona jani la ndago, wala masika iliyofuata. Tuta likabaki lake. Mzee Kobelo aliniagiza miche mingine, kwa sharti kwamba ije bila udongo, mizizi imeoshwa, nami nikaifanya hiyo kuwa desturi yangu kila kituo nilichopelekwa. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, ambako walinifundisha jina la Kilatini la ndago na mambo machache ambayo Mzee Salumu hakuwa ameyasema.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Mkurugenzi alisoma orodha ya mazao niliyoyafikisha milimani: kabichi, karoti, liki, nyanya. Watu wakapiga makofi. Nikapewa nafasi ya kusema neno. Nilimshukuru, nikasema orodha ni nzuri ila imeacha mmea mmoja niliouchukua mwenyewe na kuupanda kwa kamba na rula. Mkurugenzi akachukua kalamu aandike.

"Usiandike, ndugu," nilimwambia. "Ule haukushika."