Wembe wa Mjomba Bwire na Kichwa cha Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, kule Butiama, watu wazima wamejaa uani kwetu wanasubiri kichwa kimoja kinyolewe. Kichwa chenyewe kilikuwa cha baba. Mama tulikuwa tumeshamzika, ibada imeisha, nyimbo zimeimbwa mpaka makoo yamekauka, na kwa desturi yetu lilibaki jambo moja tu: wafiwa wanyolewe, msiba ufungwe, kila mtu arudi kwake. Sisi watoto tulikubali. Baba alikataa.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikaa tu kwenye kigoda karibu na ghala, anaangalia migomba, na chakula akiletewa kinapoa mbele yake mpaka inzi wanakishiba. Tulikuwa tunaogopa, nisikufiche. Mtu akiacha kula na kusema, hujui ameelekea wapi.

Kazi ya kunyoa nilipewa mimi, maana wakati ule nilikuwa kinyozi pale Mwigobero, mjini Musoma, karibu na wanaposhushia dagaa. Mteja wangu alikuwa anaondoka na kichwa safi na harufu ya dagaa juu yake, nyongeza ya bure. Ila mimi nilizoea nyembe za dukani, zile unanyoa unatupa. Mjomba Bwire, kaka yake mama, akasema kichwa cha mfiwa hakinyolewi na kitu cha kutupa.

Alikuwa ametoka kwake Murangi na wembe wake kaufunga kwenye kitambaa. Wembe wa Kirusi. Ujana wake alipelekwaga Urusi kusomea matrekta, akarudi na koti zito ambalo Musoma halina kazi, na huo wembe wa kukunja, mpini mweusi, una maandishi ambayo yeye mwenyewe alishaanza kuyasahau. Aliununua kwa mzee mmoja wa huko, tayari umezeeka. Chuma cha zamani, alikuwa anasema, kimeshagombana na watu wengi, sasa kimetulia. Sijui. Mjomba alikuwaga na maneno mengi, na akianza habari ya theluji utaona baridi na jua liko kichwani. Ngoja nisipotee.

Nikakaa chini na jiwe la kunolea, nikalimwagia maji, nikaanza. Nikanoa kama tunavyonoa sisi wote huku, mkono wa panga: mgongo juu, makali chini, unakandamiza mpaka jiwe linalia. Shangazi Nyangeta, dada yake baba, ambaye ng'ombe zake zilikuwa zinamngoja Bunda, akasimama mikono kiunoni, akasema nikishamaliza kuchimba hicho kisima nimwite aje kuteka maji. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachojificha kwenye kanga.

Mjomba akaja akanishika kiganja.

"Mpwa wangu, huo si panga. Laza. Mgongo na makali vyote viguse jiwe. Halafu usikandamize, uzito wake unatosha."

Nikalaza. Basi, mwanangu, sauti ikabadilika. Ikawa kama wimbi dogo la ziwani linavyopanda mchangani na kurudi, linapanda, linarudi. Wembe unakwenda umetanguliza makali, nafika mwisho wa jiwe, naugeuza juu ya mgongo wake, unarudi. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye migomba haujui uende wapi, moshi wa jikoni umechanganyika nao, na mimi nikaona kama mama anapita na ndoo, miguu haigusi chini. Sikushtuka. Niliendelea tu kunoa, nikimwacha apite.

Huku nyuma watu walikuwa wanamwendea baba kwa zamu. Mzee wa kanisa alienda na maandiko. Shangazi alienda na habari za ng'ombe zake. Kila mmoja alimwambia anyolewe, apumzike, maisha yaendelee. Lakini kitanda usichokilalia, utajuaje kunguni wake? Wakarudi kila mmoja na maneno yake vilevile alivyoenda nayo.

Mjomba akafunga mkanda wa ngozi, wa kulainishia makali, kwenye nguzo ya ghala, hatua chache kutoka kwa baba. Kwenye ngozi unageuza mwendo, mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata, la sivyo unakata mkanda. Nikawa napitisha wembe, unaenda, unarudi. Nikafungua mdomo nimwombe baba, na mimi. Mjomba akatikisa kichwa. Kilio huanza mfiwa, akaninong'oneza, na kunyamaza pia huanza yeye. Basi nikanyamaza. Nikawa napitisha wembe kwenye ngozi, polepole, mpaka nikasahau kuna watu wanasubiri.

Ndipo baba akasema, bila kugeuka:

"Mama yako ndiye alikuwa ananinyoa."

Akajipapasa kichwani.

"Hizi nywele zimeota toka mkono wake ulipopita mara ya mwisho. Mkizitoa, sina tena alama ya mkono wake."

Mikono yangu ikasimama. Mjomba, ambaye marehemu alikuwa dada yake wa tumbo moja, akachuchumaa mbele ya baba.

"Shemeji, haitatupwa hata moja. Utazizika mwenyewe, miguuni pake."

Baba akakaa. Akakaa sana. Halafu akainamisha kichwa.

Nikampaka povu, nikatandika kanga ya mama mabegani kwake. Sikukandamiza. Wembe ulishuka wenyewe, na nywele zikaanguka nyeupe na nyeusi bila sauti, na baba analia hatimaye, machozi yanapita kwenye povu. Akaikunja ile kanga mwenyewe na nywele zake ndani, akaenda nayo kaburini peke yake. Aliporudi alinawa mikono, akauliza kama kuna uji. Shangazi Nyangeta alikimbia jikoni, yeye na unene wake ule.

Mwanangu, utapewa wafiwa, utapewa mke, utapewa watoto wenye mioyo migumu siku fulani. Usiwaendee na mkono wa panga. Maneno yako yanoe kwanza, kisha kaa karibu, nyamaza, usubiri mwenyewe ainamishe kichwa. Anayekataa ana kitu amekishika. Kijue kabla hujamnyang'anya.

Mungu akupe mkono mwepesi. Na siku yako ya kulia ikifika, akupe mtu wa kukaa karibu nawe asiyekuharakisha.