Hodi Kutoka Upande wa Maji

Jambo hili limenitokea mimi mwenyewe, saa tisa na nusu mchana, jua linawaka na chai iko mezani. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia umeona kitu, wa kwanza atauliza ulikuwa umekunywa nini, wa pili atasema ni uchovu wa zamu. Mimi sinywi, na wiki ile nilikuwa nalala kwa muda wa saa nane nzima kwenye godoro zuri ambalo sijawahi kulalia mfano wake. Anayetaka kucheka acheke, ila anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Nakaa Lewisham, huku kwa Waingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakwenda Kilburn kwa Bibi Zarina, Mhindi wa Tanga, mjane, umri umeshapita themanini. Kiswahili chake ni kile cha zamani, kimenyooka, mpaka mimi mtoto wa Muheza nilikuwa naona haya kutia neno la Kizungu mbele yake. Nikijisahau ananikata: "Wewe, ulimi wako umeuacha wapi?" Tulipendana. Tuligombana pia, hasa kuhusu chumvi, maana daktari aliikataza na yeye aliificha kwenye kopo la chai.

Akili yake ilikuwa nzima isipokuwa kitu kimoja. Kila alasiri aliacha alichokuwa anafanya, akageukia mlango na kusema, "Sikiliza, anapiga hodi." Mimi sikusikia chochote. Nikifungua, korido tupu. Na jambo lililonishangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakuitika hata siku moja. Mtu anayeamini anapigiwa hodi si angesema karibu? Nikimuuliza ni nani, ananiambia nikatazame sufuria.

Kipindi cha baridi kali majirani wakamkuta ngazini, amevaa gauni la kulalia, mlango wake wazi, anamtafuta huyo mpiga hodi. Wakampigia simu mwanawe, Karim, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee. Karim akatafuta chumba kwenye nyumba ya wazee. Hakuwa mtu mbaya, usimchukie, alikuwa ameogopa tu. Akaona kabla mama hajahama ampe starehe: siku nane kwenye meli ya mtoni huko Uholanzi, majira ya maua, na mimi niandamane naye. Siku ya kuondoka akanivuta pembeni.

"Ukirudi niambie ukweli," akasema. "Kama na huko atasikia watu mlangoni, Jumatatu anahamia. Kama hasikii, tutaongea upya."

Bibi alijua kila kitu. Kwenye treni, tukiwa chini ya bahari, aliniambia bila hata kunitazama, "Nyumbani kwangu nitatoka kwa jeneza." Nikamwambia basi asisikie kitu siku nane, ni hilo tu. Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umenishika kwa nguvu.

Sasa hiyo Uholanzi. Niamini, ile nchi iko chini kuliko maji yake. Nilichungulia dirisha la meli nikamwona ng'ombe yuko chini yangu, anakula majani, hana wasiwasi. Mashamba ya maua yamenyooka mstari mwekundu, mstari wa njano, mstari wa zambarau, mfano wa kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Bibi akainama akanusa, akanyanyuka amekasirika: "Maua yote haya, hata moja halinukii!" Tukapita Gouda, tukapita Delft, tukaviona vinu vya upepo. Asubuhi jibini, mchana jibini, jioni jibini limebadilishwa sahani. Wenzetu melini walikuwa wastaafu wa Kiingereza, watu wazuri, kila mmoja anatuuliza kama tunasikia baridi.

Siku nne zikapita hakuna hodi. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, moyo umefurahi. Nilishapanga maneno ya kumwambia Karim.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, meli iliingia kwenye lango la maji. Kama hujawahi kuliona: meli inaingia katikati ya kuta mbili za mawe, geti linafungwa nyuma, geti la mbele limefungwa pia, halafu maji yanapunguzwa na meli inashuka nayo taratibu. Abiria wote walipanda juu kutazama. Bibi hakutaka kupanda, magoti yalimuuma. Tukabaki chumbani, yeye kwenye kiti na chai yake, mimi nakunja nguo. Dirishani ukuta ukapanda polepole mpaka ukaziba mwanga, mawe yenye ukoko wa kijani yakichuruzika maji. Kati ya kioo na jiwe hata mkono usingepita.

Kioo kikagongwa mara tatu. Sauti ya msichana ikasema, "Hodi."

Na mimi, nguo mkononi, nikaitika, "Karibu!"

Niambie, wewe ungesema nini? Tangu mtoto umefundishwa, mtu akisema hodi unasema karibu, ulimi hauombi ruhusa kwa kichwa. Nilishasema ndipo nikageuka, nikaona ni dirisha, nikaona ni ukuta. Kikombe cha Bibi kilikuwa kimeanguka zuliani.

"Umemkaribisha," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe. "Miaka hamsini sijathubutu, na wewe umemkaribisha."

Kitasa cha mlango kikashuka, mlango ukafunguka, akaingia. Usinitegemee nikuambie habari za kwato au macho mekundu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, amejifunga kanga doti moja, kandambili miguuni, kikapu cha ukili mkononi, jasho kidogo kwenye pua kama mtu aliyetembea juani. Chumba kikanukia vumbi na dagaa wa sokoni. Mimi hakunitazama. Akapiga goti kidogo mbele ya Bibi.

"Shikamoo, mama. Samahani nimechelewa. Bamia nilikosa, nimeleta nyanya chungu."

"Marahaba, Mwanaidi," Bibi akasema.

"Mtoto amelala?"

"Amelala."

Msichana akaweka kikapu mezani, akaanza kutoa nyanya chungu moja moja, anazipangusa kwa ncha ya kanga. Akasema huku ameinamisha kichwa, "Nilipiga hodi mpaka magharibi, mama. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Nikajua mmo ndani, mmenikasirikia. Nimefikiri sana sijapata jibu. Nilikosa nini?"

Nakwambia, hofu yote ilinitoka. Nilibaki na huruma tu, huruma ya kuuma. Huyu hakuja kudai wala kutisha. Alikuja kuuliza kosa lake.

Bibi alikuwa analia kwa kwikwi. "Hukukosa kitu, mwanangu. Wallahi hukukosa kitu. Tulihama nchi. Bwana alisema mtu yeyote asijue, serikali ingetuzuia kuondoka. Nilikutuma sokoni ili usione masanduku. Sikukuaga. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe."

Msichana akafikiri. Akapangusa nyanya chungu ya mwisho. "Kumbe mlisafiri," akasema, na mabega yake yakashuka kama aliyetuliwa ndoo kichwani. "Nimesamehe, mama. Basi naomba ruhusa niende."

"Nenda na amani. Lakini ngoja nikusindikize."

Hapo ndipo nilipoogopa upya. Unajua sisi mgeni hatumwachi atoke peke yake, unamtoa mpaka njiani, na anayesindikizwa ndiye anayesema hapa panatosha. Sasa mgeni wa namna hii njia yake inaishia wapi? Bibi, ambaye kwa miaka mitatu sijamwona akitembea bila fimbo, alisimama, akatoka, wakaongozana kwenye korido wamegusana mabega. Nikawakimbilia. Wakapanda ngazi za nyuma ya meli, pale pasipokuwa na abiria, penye kigeti kidogo ambacho wafanyakazi hukifungua wanapofunga kamba za meli. Msichana alipita bila kukifungua. Bibi akashika komeo akakifungua, na mbele yake palikuwa na maji meusi na ukuta.

Nikamdaka sweta kwa mikono yote miwili. Haki ya Mungu, yule bibi wa kilo arobaini na tano alinivuta mimi, na unaniona nilivyojaa. Viatu vyangu vilikuwa vinateleza kwenye mbao. Nikamwita, hasikii. Ndipo nikampigia kelele yule mwingine, sijui ujasiri niliutoa wapi: "Dada, mwambie arudi!"

Akageuka. Kwa mara ya kwanza akanitazama, kisha akamtazama Bibi.

"Inatosha, mama. Rudi, mtoto akiamka atakutafuta."

Bibi akasimama palepale. Geti la mbele likaanza kufunguka, mwanga ukaingia, na pale alipokuwa msichana pakabaki maji. Mfanyakazi wa meli akaja mbio anatufokea kwa nini tumefungua kigeti. Yeye aliona wanawake wawili tu.

Tuliporudi chumbani kikapu hakikuwepo. Mezani palikuwa na nyanya chungu tano, vikonyo vyake bado vibichi. Utafute meli nzima, utafute Uholanzi nzima, hizo ungezipata wapi? Bibi akazifunga kwenye kitambaa cha kichwa, na siku tatu zilizobaki hakuachana nazo. Hakusikia hodi tena.

Karim alikuja Kilburn jioni tuliyorudi. Bibi alikuwa amezipika zile nyanya chungu kwa tui la nazi, akampakulia. Karim anakula, ananitazama, anasubiri ripoti. Ningeweza kusema hakusikia kitu, na nyumba ingepona bila taabu. Lakini aliniomba ukweli, na Bibi alikuwa ameketi pale ananikazia macho, hataki uongo mwingine.

"Alisikia hodi mara moja," nikasema. "Na mimi niliisikia. Mimi ndiye niliyeitika."

Nikamsimulia yote. Kijiko kikabaki hewani. Mwisho akasema, "Nilikutuma umwangalie mama, sasa na wewe?" Siku ya pili yake ofisi yetu ikanipigia kwamba Kilburn nisiende tena. Unaona faida ya ukweli? Mhudumu anayesikia sauti hapewi mzee.

Ila usiku ule, nilipokuwa natafuta koti langu, nilimsikia Bibi akimwambia mwanawe jambo ambalo hakuwahi kumwambia katika maisha yake yote: kwamba kulikuwa na msichana aliyembeba mgongoni tangu ana siku arobaini, na jina la msichana huyo. Karim hakujibu kwa Kiingereza chake cha kila siku. Aliuliza habari za huyo msichana kwa Kiswahili kibovu, neno moja moja, "Yeye... alikuwa... analia?" Jumatatu ikapita, Karim hakumhamisha mama yake. Mpaka leo yuko Kilburn, na hunipigia simu kunilalamikia mhudumu mpya na chumvi yake.

Kuhusu Mwanaidi, shangazi yangu wa Tanga aliniulizia. Mzee mmoja wa mtaa aliokuwa akikaa Bibi anamkumbuka yaya aliyekuwa akishinda kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, kikapu pembeni. Watu walimwona amechanganyikiwa. Alifariki masika ya mwaka ule ule.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikumwambia Bibi wala Karim. Nilipotoka Dar es Salaam, miaka kumi na sita iliyopita, nilikuwa na binti yangu wa mwaka mmoja, na dada wa kazi aliyeitwa Rehema. Niliogopa ataitangaza safari yangu mtaani. Nikamwambia naenda msibani Moshi, nitarudi Jumapili, nikambeba mtoto wangu, yeye nikamwachia unga na mafuta ya wiki moja. Sikumtafuta tena.

Baada ya Uholanzi nilihangaika wiki tatu mpaka nikapata namba yake. Yuko hai, anauza chakula Mbagala. Nilipojitaja nilishajiandaa kwa matusi, nayastahili. Akauliza, "Mtoto, kile kifua bado kinambana usiku?"

Nilikaa chini, sakafuni jikoni, nikalia mbele ya binti yangu ambaye hakuelewa kwa nini.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ulimwacha mlangoni bila kumuaga, unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Mtafute angali anaweza kushika simu. Usingoje aje mwenyewe.